Miguu isiyotulia usiku si kurogwa



Kuna wenzetu wakilala tu, miguu inawasumbua ndani, kama wadudu wanatembea. Wakisimama na kutembea, inatulia. Wakirudi kitandani, inaanza tena. Watu wanasema: amerogwa. Hapana, ni ugonjwa. Munganga Ekbom wa Sweden aliueleza mu 1945.

Ubongo unahitaji madini ya chuma ili dopamini ifanye kazi yake ya kuongoza mwendo wa mwili. Chuma kikipunguka mu ubongo, miguu inakosa utulivu. Na tuangalie: kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha damu inatosha, kumbe akiba ya chuma iko chini. Ndiyo maana tuombe kipimo cha feritini. Kama haipiti mikrogramu 75 kwa lita, munganga anaweza kutoa vidonge vya chuma. Tusivinunue wenyewe sokoni: chuma kikizidi kinaharibu maini.

Wamama wenye mimba ndio inawapata sana, lakini mara nyingi inaisha wakisha kuzaa.

Vituo vidogo vingi havina kipimo hiki. Basi naomba mfuko wetu wa kusaidiana, pamoja na wafadhili wetu, ulipe nauli ya kufika hospitali kubwa. Pesa ya mganga wa kienyeji iende huko.