Jembe Bila Mpini



Babu zetu Wanyiha wa Mbozi waliyeyusha chuma na kufua majembe wenyewe. Leo majembe tunayo, ila mengi yamelala darini kwa kukosa mpini. Mpini wa mti mbichi husinyaa ukikauka. Jembe huchomoka, likaumiza mtu. Kuuloweka ni dawa ya siku moja. Mpini wa kudumu ni wa mti mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka, uliokaushwa kivulini, ukakazwa kwa kabari.

Kazi hiyo yataka msumeno, randa na tupa. Tuwachangie vijana wetu zana hizo, majembe yarudi shambani kabla ya mvua za Novemba.