Juu ya Kulisha Gazeti na Redio: Maneno ya Katekista kwa Wakristu wa Msanzi



Baba Padri, walimu wenzangu, wazee, akina mama na vijana: nimeagizwa niseme habari ya gazeti na redio, jinsi vitakavyoishi.

Neno hili si geni. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi lilianza kuchapwa na misioni ya Kiingereza huko Kiungani, Unguja. Mwaka 1910 Wakatoliki wa Dar es Salaam walipata Rafiki Yangu, na mwaka 1950 likaja Kiongozi. Yale mawili ya kwanza yalikwisha zamani. Gazeti huzaliwa kwa furaha, lakini halikui kwa furaha peke yake.

Nami nina kosa la kuungama mbele yenu. Zamani nilikabidhiwa magazeti niyauze kigangoni. Kwa kuona haya nikawakopesha jamaa, kila mmoja akisema, "Katekista, nitalipa tukivuna maharage." Maharage yakavunwa, yakauzwa, deni likabaki. Nikalilipa kwa madebe mawili ya ulezi wangu, mke wangu akaniuliza kama watoto watakula karatasi. Tangu hapo sikuagiza tena. Basi kigango kizima kikakosa gazeti, wala si kwa umaskini wa watu, bali kwa haya yangu.

Redio nayo yala: umeme, mitambo, posho ya watangazaji, na ada ya leseni. Radio Maria, iliyoanza kusikika nchini mwetu mwaka 1996, haipokei matangazo ya biashara. Hutegemea sadaka za wasikilizaji na watu wa kujitolea. Redio nyingine huishi kwa matangazo. Njia zote mbili ni halali. Lakini tujihadhari: anayelishwa na mkono mmoja tu, hawezi kuukemea mkono huo.

Sisi Wafipa twajua ntumba. Wazee wetu walifukia majani chini ya tuta, yakaoza, shamba likalishwa na majani yake lenyewe. Mbolea ya mbali ni njema, ila siku isipofika, tuta lililofukiwa majani huzaa. Misaada ya ng'ambo ni mbolea ya mbali. Senti zetu ndizo majani.

Basi yatupasa kufanya hivi. Kwanza, gazeti liuzwe kwa fedha mkononi. Asiyeweza peke yake, jumuiya inunue nakala moja, mwalimu aisome kwa sauti baada ya Ibada. Pili, tangazo la arusi, la mnada au la duka lilipiwe. La msiba lisimzuie maskini. Tatu, hesabu isomwe mbele ya watu wote, iliyoingia na iliyotoka, maana mfuko usioonekana ndani haujazwi mara ya pili.

Na wale jamaa wa maharage, wengine wamo humu leo. Siwataji. Dawa ya deni ni kulipa. Msinilipe mimi, lipeni gazeti lijalo.

Mungu awabariki.