Tarehe 25 Januari na Sanduku la Bati

Ni mimi mtumishi wenu wa Muthurwa, hapa Nairobi. Wale wanaoijua Muthurwa wataniwia radhi sauti yangu ikiwa kubwa kidogo. Kuhubiri karibu na soko na stendi ya matatu humzoeza mtu kupaza sauti hata mahali pasipohitaji.

Tarehe 25 Januari, katika kalenda ya Kanisa letu la Kianglikana, ni siku ya kukumbuka kuongoka kwa Mtakatifu Paulo. Habari yake mwaijua. Imo katika Matendo ya Mitume, sura ya tisa. Sauli yuko njiani kwenda Dameski. Amebeba barua za wakubwa zinazompa ruhusa ya kuwakamata waumini, waume kwa wake, awalete Yerusalemu. Karibu na mji nuru inamwangaza, anaanguka, anasikia akiitwa kwa jina lake, na anapoinuka haoni kitu. Mtu aliyekwenda kuwafunga wenzake anaingia mjini akishikwa mkono kama mtoto.

Lakini leo sitaanza na Paulo. Nataka kuanza na tarehe yenyewe, kwa sababu hapa Afrika Mashariki tarehe hiyo imekuwa pia siku ya askari na bunduki, na katika ushirika wangu kuna mzee mmoja ambaye haisikii ikitajwa kanisani bila kuinamisha kichwa.

Mwaka 1964 tarehe 25 Januari iliangukia Jumamosi. Sisi Kenya tulikuwa na wiki sita tu za uhuru. Alfajiri ya siku hiyo, huko Dar es Salaam, wanajeshi wa Uingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari iitwayo Centaur wakaivamia kambi ya Colito. Mle kambini walikuwamo askari wa Tanganyika Rifles walioasi siku tano kabla, wakawakamata maofisa wao Waingereza, na kudai mshahara bora na maofisa Waafrika. Askari kadhaa walikufa asubuhi hiyo. Mwalimu Nyerere aliona aibu kubwa kulazimika kuwaita watawala wa jana waje kuizima fujo ya nyumbani kwake, wala hakuificha aibu hiyo.

Siku hiyo hiyo, huko Jinja, Uganda, wanajeshi wa Uingereza waliizingira kambi ya Uganda Rifles, walioasi siku mbili kabla, wakawanyang'anya silaha. Na siku hiyo hiyo, kwetu hapa Lanet, karibu na Nakuru, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakiwashughulikia askari wa Kenya Rifles walioasi jioni ya jana yake.

Nchi tatu, kambi tatu, Jumamosi moja. Kuna watu hupenda kusema kwamba tarehe fulani ina mkosi. Mimi siamini hivyo. Tarehe haina mikono ya kushika bunduki. Vikosi hivyo vitatu vilizaliwa na mama mmoja, King's African Rifles, lile jeshi ambalo babu zetu waliliita Keya. Hata jina la Colito lilikuwa la vita vya Keya dhidi ya Waitalia kule Uhabeshi mwaka 1941. Askari hao walikuwa na lalamiko moja: bendera imebadilika, lakini mshahara ni ule ule na afisa ni yule yule. Walisikia kwenye redio habari za wenzao wa nchi jirani, na moto ukaruka kutoka kambi hadi kambi kama moto wa nyasi kavu.

Yaliyofuata hayakufanana. Tanganyika ililivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa jeshi jipya. Kambi yenyewe leo inaitwa Lugalo, kwa kukumbuka mahali Mkwawa na Wahehe wake walipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Kenya ilikivunja kikosi cha Lanet, na wengine wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Uganda iliwaongezea askari mishahara, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo upesi upesi. Mmoja wao alikuwa mtu mrefu mwenye nguvu, aliyeingia Keya mwaka 1946 na kupigana hapa kwetu wakati wa Mau Mau. Mwaka huo huo wa 1964 akapewa kukiongoza kikosi cha Jinja. Jina lake Idi Amin.

Hesabuni sasa miaka saba, bila kuongeza siku wala kupunguza. Jumatatu, tarehe 25 Januari 1971, Rais Obote alikuwa amekwenda Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Alasiri askari mmoja alisoma katika Redio Uganda sababu 18 za kuipindua serikali. Sababu 18! Mimi nikihubiri pointi nne Wakristo wangu huanza kutazama saa. Mji wa Kampala ulishangilia, watu wakapanda juu ya magari wakiwa na matawi mikononi.

Muthurwa nako habari zilisikika. Siku hizo zilikuwa nyumba za reli, nayo reli ilikuwa moja kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo katika mstari mmoja wa vyumba ungemkuta Mkamba, Mluo, Mnyamwezi na Mwacholi wakichota maji katika mfereji mmoja. Mzee ninayemsema alikuwa kijana wa karakana ya reli. Jirani yake wa mlango wa pili, fundi mwenzake, alikuwa Mwacholi. Mzee anasimulia kwamba jioni ile watu walikusanyika mlangoni penye redio, wengine wakicheka, wengine wakibishana, ila yule Mwacholi alisimama kando, mkono kwenye shavu. Mdogo wake alikuwa askari huko Jinja.

Nasi tunajua sasa yale ambayo wale waliopanda juu ya magari hawakuyajua. Katika miezi iliyofuata, askari wengi Waacholi na Walango waliuawa na wenzao ndani ya makambi, Jinja ikiwa mojawapo. Waliokuwa wamelala bweni moja, wakala sahani moja.

Mwezi wa tatu ukafika, barua hazijibiwi. Yule fundi akaomba likizo akapanda gari moshi la Kampala kwenda kumtafuta mdogo wake. Alimwachia jirani yake sanduku la bati lenye kufuli, akamwambia, "Nitunzie, nitarudi mwisho wa mwezi."

Wapendwa, hakurudi.

Mwaka juzi, baada ya ibada ya siku ya Mtakatifu Paulo, mzee huyu alinifuata mpaka vestri. Ana miaka zaidi ya 80 sasa, na hayuko tena katika nyumba za reli, anakaa kwa binti yake, lakini hajaacha kuja kusali Muthurwa. Aliketi, akaweka fimbo kando, akasema, "Kasisi, umehubiri vizuri. Lakini nieleze. Bwana alimsimamisha Sauli njiani tarehe hii. Mbona yule wa Uganda hakumsimamisha? Alipita tu. Akakaa miaka minane, akaondoka, akafa mzee kule Saudia katika kitanda cha hospitali."

Nami nikamjibu jambo ambalo naliungama hewani. Nilimwambia njia za Mungu hazichunguziki, tena nikamkaribisha chai.

Akanitazama kwa upole. "Hilo, Kasisi, nililijua kabla hujazaliwa."

Nilikwenda nyumbani nimefedheheka. Usiku ule nikaifungua Matendo tena, safari hii si sura ya tisa tu, bali kuanzia ya saba. Hapo nikaona jambo nililolisoma mara mia chuoni bila kulitia moyoni. Sauli hakusimamishwa mapema. Alisimama palepale Stefano alipopigwa kwa mawe, akizilinda nguo za wauaji. Aliingia nyumba kwa nyumba akiwakokota watu gerezani. Kila familia ya Yerusalemu iliyovunjiwa mlango ingeweza kuuliza swali la mzee wangu: Bwana, kwa nini hukumwangusha jana? Kutoka Muthurwa ukiifuata Landhies Road mpaka Jogoo Road utakuta kanisa lenye jina la Stefano. Nimepita hapo miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba mama yake Stefano, kama alikuwa hai, alisikia siku moja kwamba mtu yule sasa ni mhubiri. Alipokeaje habari hiyo? Biblia haikutuambia.

Kisha nikamwona Anania. Tunampita haraka, kwa kuwa tuna hamu ya kufika kwa Paulo. Anania aliambiwa aende nyumba aliyomo mtesi. Akaogopa, akamwambia Bwana waziwazi kwamba habari za mtu huyu anazo. Hakukemewa kwa kuogopa. Akaenda, akamwekea mikono, akamwita ndugu. Je, angekuta macho ya Sauli hayajafumbwa, na barua zile bado zi mkononi mwake?

Uganda walikuwako waliokwenda hivyo. Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa Mwacholi, mtu wa Mucwini. Februari 1977 askari waliivamia nyumba yake Namirembe usiku, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji. Hawakuinunua bunduki, waliandika barua, wakatia sahihi majina yao. Tarehe 16 Februari Luwum aliitwa Kampala pamoja na maaskofu wenzake. Wengine wakaambiwa waende nyumbani, yeye akabakizwa. Serikali ilitangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili. Hakuna aliyesadiki. Askofu Festo Kivengere akakimbia na mkewe kwa miguu, wakavuka milima mpaka Rwanda, na baadaye akasimama mbele ya watu akisema kwamba amemsamehe Amin. Kusema hivyo kukiwa na makaburi mapya si jambo jepesi, na wako Waganda waliokasirika walipolisikia. Siwalaumu.

Ndipo nikarudi kwa mzee. Nilimwambia: sijui kwa nini Amin hakuanguka njiani. Lakini najua kwamba Bwana hakukosa kumtuma mtu kwake. Alimtumia Luwum, na mlango ukafungwa ndani. Mzee alinyamaza sana. Akasema, "Basi alimtumia Mwacholi." Akachukua fimbo yake.

Januari 1986 pia mizinga ilikuwa ikilia Kampala tarehe 25, na kesho yake jeshi la Museveni likautwaa mji, mwezi mmoja na siku chache tu tangu mapatano ya amani kutiwa sahihi hapa hapa Nairobi mbele ya Rais Moi. Mzee anasema wakati ule alidhani sasa jirani atarudi. Alilifuta vumbi sanduku.

Mwaka huu binti yake amemwambia chumba ni kidogo na wajukuu wanakua. Mzee akaja kwangu na mkokoteni, na sanduku juu yake, akaniuliza kama Kanisa linaweza kulitunza. Liko vestri, chini ya meza ya vitabu. Ni la rangi ya kijani iliyochubuka, na juu yake kuna herufi mbili za jina zilizopakwa kwa rangi nyeupe, ambazo sitazitaja hapa. Kama yuko msikilizaji au msomaji, awe Kitgum, Gulu, Tororo au popote, ambaye baba yake au mjomba wake alikuwa fundi katika karakana ya reli Nairobi, akaondoka Machi 1971 kumtafuta mdogo wake Jinja, na aniandikie kupitia gazeti hili, anitajie herufi hizo mbili. Kufuli halijavunjwa.