Barua Zinaporudi

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa sasa na wa zamani, Mwisenge, Musoma)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Nitasema jambo moja tu.

Ofisi moja ya umma ilitangaza nafasi za kazi. Vijana wakatuma maombi kwa baruapepe, nayo yakarudi yakiwa na maneno kwamba wao ni watuma takataka. Siku ya mwisho ilikuwa karibu. Tuliitwa kutazama.

Kompyuta hujuana kwa namba. Mfumo wa kugeuza majina kuwa namba, yaani DNS, ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983. Seva ya barua hutumia mfumo huohuo kuuliza orodha za wasumbufu, kama ile ya shirika la Spamhaus: "Namba ya mtumaji huyu imo?" Ikiwa haimo, huambiwa hakuna kitu. Ikiwa imo, hupewa jibu kama 127.0.0.2.

Seva ile ilikuwa ikiuliza kupitia kwa mtafuta anwani wa wote, anayetumiwa na mamilioni ya watu duniani. Spamhaus haipokei maulizo ya namna hiyo, kwa kuwa haiwezi kujua ni nani hasa anayeuliza. Hurudisha namba 127.255.255.254, maana yake "umepita mlango usioruhusiwa." Lakini seva ilikuwa imeagizwa kwamba jibu lolote maana yake ni "imo." Basi ikafukuza wema na wabaya pamoja.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, tuliweka ndani ya seva ileile programu ya Unbound, ambayo ni ya bure. Husikiliza kwenye 127.0.0.1, namba ambayo kompyuta hujisemesha yenyewe. Huanza kuuliza kwenye shina la mfumo, lenye seva za majina 13, ikashuka hatua kwa hatua hadi kwa mwenye orodha. Tuliifunga isiwajibu watu wa nje. Pili, tuliagiza seva ikatae barua kwa majibu yanayoanza na 127.0.0 tu. Tatu, tulipima: jina 2.0.0.127.zen.spamhaus.org lazima lijibiwe, na 1.0.0.127.zen.spamhaus.org lisijibiwe. Barua zikaanza kuingia.

Ofisi zenye barua nyingi zikumbuke kwamba huduma hii ni ya bure kwa matumizi madogo yasiyo ya biashara. Wakubwa hawana budi kufanya mapatano na wenye orodha.

Hata hivyo, barua zilizokwisha kukataliwa hazikurudi zenyewe. Ilibidi ofisi isogeze mbele siku ya mwisho na kutangaza upya, ili aliyekata tamaa apate habari.

Ninyi vijana mtakaoshika mitambo hii kesho, someni namba iliyoandikwa katika jibu kabla ya kumhukumu mtu. Kunyimwa jibu si sawa na kuambiwa "ndiyo." Mashine haikuijua tofauti hiyo mpaka ilipofundishwa, na kijana mwenye cheti safi angekosa kazi kwa sababu hiyo.