Muswada Uliouawa na Mwaka wa Kura: Siasa za Mpaka wa Kusini wa Marekani



Nimeombwa nizungumzie siasa za uhamiaji na ulinzi wa mpaka katika mwaka wa uchaguzi. Mada ni pana mno, kwa hiyo nitang'ang'ania kisa kimoja: muswada wa mpaka uliokwama katika Seneti ya Marekani tarehe 7 Februari 2024. Zilihitajika kura 60 ili mjadala uanze tu, zikapatikana 49. Hoja yangu ni kwamba mwaka wa uchaguzi hauzuii sheria kutungwa. Unachozuia ni maafikiano, na pengo hilo huzibwa na kalamu ya rais.

Tuanze na mpaka wenyewe, maana wengi wetu tunaujua kwa picha za ukuta na senyenge. Sheria ya Wakimbizi ya 1980 inampa aliyekwisha kukanyaga ardhi ya Marekani, hata kama kaingia kwa njia za panya, nafasi ya kuomba hifadhi. Ndiyo maana wengi waliovuka mto Rio Grande pale Eagle Pass, Texas, mwaka 2023, hawakuwakimbia askari wa doria. Walipanda ukingoni wamelowa, wakakaa chini, wakasubiri kukamatwa, kisha wakasema wanaogopa kurudishwa kwao. Wengi waliachiwa wakiwa na karatasi yenye tarehe ya kufika mahakamani. Mahakama za uhamiaji zilikuwa na kesi zaidi ya milioni 3, kwa hiyo tarehe hiyo ilikuwa ya miaka kadhaa mbele. Huku nyuma mtu anapanga chumba, anatafuta kazi, anazaa. Desemba 2023 peke yake doria iliwakamata watu wapatao 250,000. Ukuta haumsaidii chochote askari ambaye anayevuka anamtafuta yeye. Fundo liko mahakamani.

Muswada uliligusa fundo hilo. Waliouandika walikuwa James Lankford, Mrepublican wa Oklahoma. Chris Murphy, Mdemokrati wa Connecticut. Na Kyrsten Sinema wa Arizona, asiye na chama. Ulitaka waajiriwe maofisa wa hifadhi zaidi ya 4,000, kigezo cha usaili wa kwanza kipandishwe, na maombi yaamuliwe kwa miezi badala ya miaka. Wastani wa wanaofika mpakani ukigonga 5,000 kwa siku kwa wiki nzima, waliovukia nje ya vituo rasmi wangefungiwa mlango wa hifadhi. Vijana walioletwa Marekani utotoni wakakulia huko bila vibali, ambao Wademokrati wamewapigania tangu 2001, hawakupata hata kifungu. Huo ulikuwa muswada mkali, tusidanganyane.

Wademokrati waliumezaje? Jibu moja ni mabasi. Kuanzia 2022 Gavana Greg Abbott wa Texas aliwapakia wahamiaji na kuwapeleka Washington, New York, Chicago na Denver, miji inayoongozwa na Wademokrati. Ulikuwa ukatili wa kisiasa, lakini ulifanya kazi: mameya waliokuwa wakilitazama suala hili kwa mbali walijikuta wakitafuta vitanda na madarasa, na kelele zao zikafika Ikulu.

Warepublican nao ndio walioanza kudai. Mwishoni mwa 2023 walisema hawataidhinisha fedha za Ukraine bila sheria ya mpaka. Wakaletewa kifurushi cha dola bilioni 118, Ukraine na mpaka ndani yake, na hata chama cha wafanyakazi wa doria, kilichomuunga mkono Donald Trump mwaka 2020, kikauunga mkono muswada. Trump akaupinga, akasema hadharani kwamba ukifa alaumiwe yeye. Spika Mike Johnson akatangaza kwamba hautafika popote katika Baraza la Wawakilishi. Siku ya kura, Lankford aliwaeleza maseneta wenzake kwamba mtangazaji mmoja maarufu, ambaye hakumtaja jina, alimwonya wiki kadhaa kabla: ukithubutu kupitisha muswada wa kutatua tatizo la mpaka mwaka huu wa kura za urais, nitafanya kila niwezalo kukumaliza. Onyo hilo halikuwa na neno juu ya ubaya wa muswada. Lilihusu kalenda. Warepublican waliobaki na Lankford walikuwa watatu.

Nisiuonee upande mmoja. Mei 2024 Wademokrati waliurudisha muswada uleule wa mpaka, bila fedha za Ukraine, wakijua fika hautapita, ili wapate la kusema kwenye kampeni. Ulipata kura 43, na safari hii Lankford na Sinema wenyewe waliupinga, kwa kuwa mchezo ulikuwa dhahiri. Kisha tarehe 4 Juni Rais Joe Biden, baada ya kusema kwa miezi kwamba anahitaji sheria, alitumia tamko la rais kubana hifadhi kwa waliovukia nje ya vituo. Septemba waliokamatwa walikuwa takriban 54,000, ingawa Mexico nayo ilikuwa imeanza kubana upande wake tangu Januari.

Historia inaonyesha jambo hilohilo. Mwaka 1996, akigombea muhula wa pili, Bill Clinton alitia saini sheria kali ya kufukuza wahamiaji: ukali ulipita. Mwaka 2012, naye akigombea, Barack Obama aliwakinga wale vijana walioletwa utotoni kwa uamuzi wa serikali yake tu, maana Bunge lilikuwa limegoma. Mwaka 2013 Seneti ilipitisha mageuzi makubwa kwa kura 68 kwa 32. Baraza la Wawakilishi likayaweka kiporo. Mwaka uliofuata Eric Cantor, kiongozi wa Warepublican walio wengi humo, aliangushwa kwenye kura za maoni za chama chake na mpinzani aliyemtuhumu kuwapa wahamiaji msamaha. Wabunge wengine hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Haya yanatuhusu vipi? Kikomo cha wakimbizi wanaopewa makazi Marekani kila mwaka hupangwa na rais. Chini ya Biden, kuanzia mwaka wa fedha wa 2022, kikomo kilikuwa 125,000, na Wakongo, wakiwemo waliosubiri miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, ndio walioongoza kwa wingi. Hawakuvuka Rio Grande. Walipanga foleni, wakahojiwa na kurudiwa, wakachukuliwa alama za vidole, wakapimwa afya. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Trump alisimamisha mpango mzima. Waliokwisha kupangiwa ndege wakaambiwa safari hakuna. Kikomo cha mwaka wa fedha wa 2026 kikawekwa 7,500, kipaumbele wakipewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Wapo watakaosema muswada wa 2024 haukuwahusu wakimbizi wa kambini, na ni kweli. Lakini hasira za Eagle Pass ndizo zilizompa Trump kura, na kura hizo ndizo zilizofunga faili za Nyarugusu. Naomba mjadala wetu uanzie kwenye kiungo hicho, kwa sababu Novemba 2026 Wamarekani wanapiga kura tena.