Nyumba ya Kamusi



Katika mji wa London, nyuma ya barabara ya Fleet Street, pana uwanja mdogo uitwao Gough Square. Hapo imesimama nyumba ya matofali, nambari 17, iliyojengwa karibu na mwaka wa 1700. Mfalme hakukaa humo, wala tajiri mwenye sifa. Lakini watu wa nchi nyingi huenda kuitazama.

Mwaka wa 1748 nyumba hiyo ilipangwa na Samuel Johnson, mwana wa muuza vitabu, aliyeacha masomo Oxford kwa kukosa fedha. Alikuwa amepewa kazi ya kutunga kamusi ya Kiingereza, naye alidhani ya kuwa angeimaliza kwa miaka mitatu. Katika chumba cha juu kabisa, chini ya paa, waliandika makarani sita. Johnson alisoma vitabu, akipiga mstari chini ya maneno aliyoyataka. Nao makarani walinakili sentensi zile katika vipande vya karatasi.

Miaka mitatu ikapita, na kazi haikwisha. Mwaka wa 1752 mkewe akafa, naye akashikwa na huzuni kubwa. Siku chache baadaye aliletwa nyumbani humo mtoto mwafrika wa miaka kama kumi, Francis Barber, aliyezaliwa mtumwa Jamaica. Johnson alimlea, na baadaye akamlipia ada ya shule.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1755 kamusi ilitoka, yenye maneno zaidi ya 42,000. Na Johnson alipokufa mwaka wa 1784, sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Barber, pamoja na paundi 70 kila mwaka.

Johnson alikuwa ameihama nyumba mwaka wa 1759. Wapangaji wengi wakaingia na kutoka, hata ikachakaa. Mwaka wa 1911 ilinunuliwa na Bwana Cecil Harmsworth, akaitengeneza, na mwaka wa 1914 ikafunguliwa kwa watu wote. Katika Vita Kuu ya Pili mabomu yaliharibu paa. Wazima moto, ambao walikuwa wakipumzika humo, walisaidia kuiokoa.

Hata leo mgeni aweza kupanda ngazi mpaka chumba kile cha makarani. Meza zao hazipo tena, lakini kazi yao ingali yasomwa. Lugha yo yote hutunzwa hivyo: na watu wavumilivu, neno baada ya neno.