"Amekwisha," Walisema

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mchezo wa tenisi. Msishangae, na mama aliye jikoni asiizime redio. Mtume Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorintho, hakuona haya kuwataja wakimbiaji na wapigana ngumi, maana watu wa mji ule walijua michezo.

Rafael Nadal alizaliwa mwaka wa 1986 katika kisiwa cha Mallorca, nchi ya Uhispania. Ami yake, Toni, ndiye aliyemfundisha tangu utoto, na kwa ami huyo raketi haikuvunjwa kwa hasira hata siku moja. Mwaka wa 2005, akiwa na miaka 19, kijana huyu alitwaa ubingwa wa Ufaransa katika uwanja wa Roland Garros, Paris, mahali wanapochezea juu ya udongo mwekundu. Kabla mwaka haujaisha, mguu wake wa kushoto ulimshika. Daktari bingwa akaona kasoro katika mfupa mdogo wa mguu ule, akamwambia huenda asicheze tena mashindano makubwa.

Fikirini, wapendwa. Miaka 19, na tayari ameambiwa habari za mwisho wake! Alipokuwa hawezi kuukanyagia mguu, aliwekewa kiti uwanjani, akapiga mipira akiwa ameketi. Baadaye viatu vyake vikatiwa soli za namna ya pekee. Soli zile zilimpunguzia maumivu ya mguu, lakini mzigo ukahamia magotini.

Tangu hapo wenye kutabiri hawakunyamaza. Wala hawakuwa wajinga. Walisema anakimbia mno, anapiga kwa nguvu mno, mwili wa namna hiyo hautafika mbali. Mwaka wa 2009 Robin Söderling alimshinda palepale Paris, na kwa sababu ya magoti hakwenda Wimbledon kuutetea ubingwa wake. Wakasema, "Amekwisha." Mwaka wa 2010 akashinda Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Mwaka wa 2012 akakaa nje miezi 7. Uliofuata, akashinda tena Ufaransa na Marekani. Miaka miwili, 2015 na 2016, hakupata hata taji moja kubwa. Hapo hata wapenzi wake walianza kumzungumzia kama mtu aliyekwisha kuzikwa. Mwaka wa 2017 alirudi Paris akatwaa ubingwa wa 10 pasipo kupoteza hata seti moja. Na mwaka wa 2022, siku mbili baada ya kutimiza miaka 36, alitwaa ule wa 14, mguu ukiwa umechomwa sindano za ganzi.

Sasa, watabiri walikosea wapi? Juu ya mguu hawakukosea. Mguu ulikuwa mgonjwa kweli, na haukupona. Kosa lao lilikuwa kuyahesabu maumivu kana kwamba ndiyo hesabu yote. Paulo naye alikuwa na mwiba wake. Aliomba mara tatu uondolewe, ukabaki, na safari zake ziliendelea.

Neno hili "amekwisha" twalijua sana hata huku kwetu. Mzee wa kanisa akipata kiharusi, juma la pili watu wanauliza ni nani atakayeshika nafasi yake, naye yu hai, tena anasikia. Mwalimu akistaafu, hakuna anayemwuliza neno. Mjane akiugua, jamaa waanza kulipima shamba. Je, ni nani kati yetu aliyekwenda kumwuliza mgonjwa huyo anaweza kufanya nini akiwa ameketi?

Mwisho wa Nadal ulifika, kama ufikavyo kwa kila mtu. Mwaka wa 2024 Alexander Zverev alimtoa Paris katika mchezo wake wa kwanza kabisa, na mwezi wa Novemba, huko Málaga, akaiweka raketi chini akiwa na miaka 38. Basi waliosema amekwisha walisema kweli hatimaye, baada ya miaka 19. Katika Roland Garros alikuwa ameshinda michezo 112, akashindwa 4. Mwezi wa Mei, 2025, wenye uwanja walimwita, wakamfunulia kibao kilichotiwa katika udongo ule karibu na wavu. Juu yake wamechora alama ya unyayo wake.